Sarafu ya Kale Uliyorithi: Ijue Kabla Hujataja Bei
Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wakazi wa Kewanja na vijiji vya jirani, wilaya za Tarime na Serengeti

DIBAJI

Mzee anapofariki dunia na matanga yakisha kuanuliwa, warithi hukaa wakahesabu ng'ombe, mashamba na nyumba, na aghalabu hukifungua mwishoni kabisa kile kikopo cha bati alichokiweka marehemu mvunguni mwa kitanda, wakakuta ndani yake stakabadhi za kodi na sarafu mbili tatu zilizofanya weusi, ambazo hapana aliye hai awezaye kusema zilipatikana wapi. Kijitabu hiki kimeandikwa ili sarafu hizo zisiuzwe kwa bei ya kutupa, wala zisitumainiwe kwa utajiri zisiokuwa nao. Maana hasara hizo mbili, ingawa hazifanani, zina asili moja, nayo ni kuzungumza bei kabla ya kukijua kitu.

ZILIFIKAJE KWETU

Kodi ya nyumba, iliyowekwa na serikali ya Kijerumani kuanzia 1898 na kuenea kadiri utawala wake ulivyoenea, hata ukawa na maboma Ikoma na Shirati, ilimlazimu mfugaji auze mnyama wake au nguvu za mikono yake apate rupia. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu iliyoundwa London mwaka 1919, na kwa kuwa shilingi hiyo ilikuwa moja Tanganyika, Kenya na Uganda, fedha ya ng'ombe aliyeuzwa ng'ambo ya mpaka ilitumika Tarime pasipo kubadilishwa. Ndipo Juni 1966, Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa, tukapata shilingi yetu wenyewe, na zile za zamani zikabaki vikoponi.

ITAMBUE KWANZA

Ishike sarafu kwa ukingo wake, uisome pande zote mbili penye mwanga wa jua, kisha uandike maneno, mwaka, picha, na herufi yoyote ndogo iliyojificha, kwani herufi hiyo ndiyo alama ya kiwanda ilikopigwa, na mara nyingine ndiyo itenganishayo sarafu adimu na ya kawaida. Halafu mwombe sonara akupimie uzito kwa mizani yake ya dhahabu, mbele ya macho yako. Sarafu zifuatazo ndizo zitazamiwazo zaidi kuonekana katika nyumba zetu.

Rupia ya Kijerumani ni ya fedha, ina uzito wa gramu 11.66, na juu yake kuna sura ya Kaisari Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma. Zile za kwanza, zilizoanza 1890, zilitolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na rupia moja iligawanywa pesa 64 za shaba zenye maandishi ya Kiarabu. Tangu 1904 serikali yenyewe ikashika kazi hiyo, na rupia ikawa heller 100. Herufi A ni ya Berlin, na J ni ya Hamburg. Rupia mbili katika sarafu moja, zilizopigwa 1893 na 1894 tu, ni adimu sana.

Sarafu ya Tabora ilizaliwa na dhiki ya vita: meli za Waingereza zilipoifunga pwani, Wajerumani walipiga sarafu zao Tabora mwaka 1916, wakazitia herufi T. Zile za heller 5 na 20 zilipigwa kwa shaba na shaba ya njano, nazo ziko nyingi. Bali ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo na uzito wa gramu 7.17, ilipigwa kwa dhahabu ya nchi hii, na idadi yake haikuzidi sana 16,000, basi hiyo ni mali kubwa, na kwa sababu hiyo hiyo hughushiwa mno.

Shilingi ya Afrika Mashariki, ya enzi ya Waingereza, ina picha ya simba mbele ya milima. Zile za tangu 1921 hadi 1946 robo yake ni fedha, na uzito wake ni gramu 7.78, zile za 1948 na baadaye hazina fedha hata chembe. Senti 5 na 10 zenye jina la Mfalme Edward VIII, za mwaka 1936, husifiwa kuwa adimu kwa sababu mfalme huyo hakumaliza mwaka katika kiti. Kumbe zilipigwa kwa mamilioni, na bei yake ni ndogo.

Riale ya Maria Theresa, yenye sura ya malkia na uzito wa gramu 28.07, huandikwa 1780 daima, hata iliyopigwa katika karne ya 20, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na pwani yetu walikataa kuipokea yenye mwaka mwingine. Basi mwaka ulioandikwa si hoja ya ukale wake.

THAMANI TATU

Thamani ya kwanza ni ya madini, na hiyo hupatikana kwa uzito, usafi wa madini na bei ya siku. Hapana sababu ya kupokea chini yake. Ya pili ni ya wakusanyaji, nayo hufuata uadimu, hali ya sarafu, na wingi wa wanaoitafuta, wala haifuati umri peke yake. Mtu wa Kewanja aliyezoea kuchambua magwangala, yaani mawe ya mabaki ya mgodi, anajua kwamba jiwe halihukumiwi kwa rangi yake mpaka lipimwe. Na sarafu ni vivyo hivyo. Ya tatu ni ya ukoo, maana rupia aliyolipwa babu kwa ujira wake ni ushahidi wa maisha yake, na mwenye nayo anaweza kuamua kwa haki kabisa kwamba haiuzwi.

Bei uionayo katika orodha za wakusanyaji, kama ile ya Krause ya Marekani au ya Jaeger ya Ujerumani, ni ya sarafu yenye hali iliyotajwa hapo, na mchuuzi hukupa pungufu ili naye apate faida. Kipimo kilicho bora zaidi ni bei zilizolipwa kweli katika minada, kwa sarafu ya mwaka, herufi na hali kama yako.

USIISAFISHE

Majivu, mchanga, ndimu na stilwaya vimeharibu mali nyingi kuliko wezi. Weusi ulioota juu ya fedha kwa miaka mingi ni dalili ya uhalisi ipendwayo na wakusanyaji, na ukisha kusuguliwa haurudi. Ifunge katika karatasi safi, kila sarafu peke yake, uiweke pakavu. Iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni imepungua bei sokoni; bali tundu la katikati ya senti 1, 5 na 10 za Waingereza ni la kiwandani.

HADHARI YA MALAGHAI

Wako watu wapitao vijijini wakinena juu ya mali za Mjerumani zilizofukiwa, na juu ya rupia yenye nguvu za kuvuta mchele, kisha wakadai fedha za kipimo, za dawa, au za kumleta mnunuzi tajiri. Hapana sarafu yenye nguvu hizo, na mnunuzi wa kweli haombi kulipwa na muuzaji. Usimpe mtu yeyote sarafu akaondoka nayo, mpe picha.

SHERIA NA MIRATHI

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, navyo havipelekwi nje ya nchi bila ya kibali. Na mtu akichimbua kitu cha kale ardhini, wajibu wake ni kutoa habari serikalini. Tena sarafu ya marehemu ni sehemu ya mirathi: mjane, mabinti na wana wote waarifiwe, na penye mgogoro liendewe shauri katika Mahakama ya Mwanzo.

PA KUULIZA

Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yaliyoko Butiama, ambayo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa, ni mahali pa karibu pa kuanzia. Mbele yake yako Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Chukua picha za pande zote mbili, uzito, na habari za aliyekuwa nayo, kisha pata maoni ya watu wawili au watatu wasiohusiana kabla ya kukubali bei yoyote.

Twawasihi wazee wetu, maadamu wangali hai, wawaeleze watoto asili ya sarafu walizo nazo. Na twawasihi warithi wasiuze siku ile ile waliyoulizwa bei.