Petroli Inavuja Wapi? Somo Juu ya Pikipiki ya Zamani

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Pikipiki nyingi za zamani zinazopita katika mitaa ya Kariakoo na Gerezani hazina pampu ya petroli. Petroli hushuka kwa uzito wake yenyewe, kutoka katika tangi mpaka katika kabureta, na kwa sababu hiyo ikianza kuvuja haingoji injini iwake. Huvuja mchana na usiku, hata mwenye pikipiki akiwa amelala.

Mjomba wangu anayo Honda CG125, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976. Kila usiku huilaza ukumbini mwa nyumba kwa kuogopa wezi, kama wafanyavyo wengi mtaani kwetu. Likizo iliyopita ilikuwa ikitona chini ya injini, na fundi mmoja alimshauri anunue kabureta mpya. Kabla ya kutoa fedha tulikinga kopo kwa dakika 10, tukayapima yaliyoingia kwa bomba la sindano la duka la dawa, tukapata mililita 15. Wanafunzi wenzangu, fanyeni hesabu. Kwa saa moja ni mililita 90, na kwa usiku wa saa 10 ni mililita 900, karibu lita nzima.

Lakini fedha inayopotea si hatari kubwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi juu kama moshi, bali hutambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango mpaka uani, na uani ndipo lilipo jiko la mkaa. Sehemu 2 tu za mvuke huo katika sehemu 100 za hewa zatosha kulipuka. Sote twakumbuka habari ya Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na watu wakaenda kuchota petroli. Moto ulipowaka walikufa watu zaidi ya 100. Kwa hiyo kazi hii hufanywa nje penye upepo, injini ikiwa imepoa, bila sigara wala taa ya moto, na waya wa betri ukiwa umefunguliwa. Wekeni karibu ndoo ya mchanga. Maji hayafai, maana petroli huelea juu yake na moto ukaenda nayo.

Sasa tutafute mahali inapovuja. Watu wengi hudhani kwamba panapotona ndipo palipoharibika. Sivyo. Petroli hufuata chuma na mpira, ikateremka mpaka pembe ya chini kabisa, hapo ndipo hudondoka. Yafaa kupangusa kila kitu kwa kitambaa kikavu, kisha kupaka unga wa chaki kwenye viungo vyote, tangu chini ya tangi mpaka kabureta. Petroli itakapotokea, chaki itabadilika rangi mahali pale pale. (Chaki yangu haikuibwa, ni vipande vinavyofagiliwa darasani, navyo vilikuwa katika sanduku langu.)

Tazameni kutoka juu kwenda chini. Kwanza fungeni koki iliyo chini ya tangi. Ikiwa chaki inalowa hata hivyo kwenye mshono wa tangi, tangi limetobolewa na kutu. Ikilowa pale koki inaposhikana na tangi, basi ni oringi yake iliyokauka, nayo ni kitu cha bei ndogo sana. Ikiwa juu pakavu lakini kabureta inaendelea kutona, koki yenyewe imechakaa ndani na haifungi tena.

Koki ikifungwa na kutona kukakoma, ubaya uko mbele yake. Shikeni mpira wa petroli, mkaupinde kidogo mwishoni, karibu na klipu: mpira mzee hupasuka hapo. Wako wanaoweka mpira wa maji badala yake. Mimi siupendi ujanja huo, maana petroli huufanya mgumu kama mfupa, kisha hupasuka tena.

Mpira wa mjomba ulikuwa mzima. Petroli ilikuwa ikitoka katika kijimrija cha chini ya kabureta, kile cha kumwaga ziada. Hapa somo letu la fizikia linafaa. Ndani ya bakuli la kabureta mna boya. Petroli ikijaa, boya huinuka, nalo husukuma sindano ndogo ambayo huziba tundu la kuingilia. Tuseme petroli ina kimo cha sentimeta 30 juu ya tundu hilo, na kila sentimeta ya ujazo ina gramu 0.74. Shinikizo lake ni kama nyutoni 2,220 kwa mita ya mraba. Tundu lenye upana wa milimita 2 lina eneo dogo mno, hata nguvu inayoisukuma sindano haifiki uzito wa gramu 1. Boya jepesi huishinda bila taabu. Basi kwa nini linashindwa? Ama limetoboka na kuingia petroli (litikiseni karibu na sikio, mtaisikia), ama ncha ya sindano imelika, ama chembe ya uchafu imekaa katikati.

Tulipofungua skrubu za bakuli tulikuta unga mwekundu wa kutu, na ncha ya sindano ilikuwa na alama ya duara kama pete. Boya lilikuwa zima. Mjomba alikwenda mtaani akanunua sindano na gasketi ya bakuli tu. Kabureta mpya isingalisaidia siku nyingi, kwa kuwa kutu ilitoka katika tangi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na tangi linaloachwa nusu tupu hupata jasho ndani. Tulilisuuza kwa petroli kidogo mara tatu, na mjomba akaweka chujio kwenye mpira. Tangi lililotoboka lisipelekwe kuchomelewa kwa moto hivi hivi. Hata likiwa tupu mvuke umo ndani, nalo hulipuka kama bomu.

Jambo moja watu hulisahau. Kijimrija cha ziada kikiziba, petroli haitoki nje, bali huingia katika injini na kuchanganyika na oili. Kabla ya kuwasha, chomoeni kijiti cha kupimia oili, mkakinuse. Kikiwa na harufu ya petroli, au oili imepanda kuliko jana, mwageni yote mtie mpya, maana oili iliyozimuliwa hailindi vyuma.

Ya mjomba haikuwa na harufu. Alitandika gazeti chini ya injini, akafungua koki, tukangoja nusu saa, na gazeti likabaki kavu. Usiku ule pikipiki ililala ukumbini, koki imefungwa.