NDENGU ZILIZOCHIPUA: USAFI UANZE KWENYE MBEGU

Ukinunua kilo ya ndengu katika soko la Kibuye, Kisumu, ukazilowesha usiku kucha na kuzifunika kwa kitambaa chenye unyevu, siku ya tatu utakuwa na bakuli la machipukizi meupe. Familia zenye asili ya Kihindi zimekipenda chakula hiki tangu zamani, na wako wanaokitia kibichi katika kachumbari. Ni chakula kizuri. Lakini joto na unyevu unaoamsha mbegu huamsha pia bakteria walio juu yake.

Bakteria hao hutoka wapi? Hutoka katika samadi shambani, katika maji machafu, au pale nafaka inapoanikwa chini kuku na mbuzi wakapita juu yake. Salmonela na E. koli huweza kukaa miezi mingi juu ya mbegu kavu wakiwa wachache tu. Wakipewa siku mbili tatu za maji na joto la Kisumu, huzaana wakawa mamilioni, wala hutaona alama wala kusikia harufu. Kusuuza machipukizi mwishoni hakutoshi, kwa sababu viini hujificha katika nyufa za ganda na hata ndani ya chipukizi lenyewe.

Haya si maneno ya kutisha watu bure. Mwaka 2011 nchini Ujerumani watu zaidi ya 3,800 waliugua na zaidi ya 50 wakafariki kwa E. koli. Chanzo kilikuwa machipukizi ya uwatu, uwatu huu huu tunaoutia katika mchuzi. Wachunguzi walifuata nyayo hadi kwenye shehena ya mbegu iliyotoka Misri.

Basi tuanze na mbegu. Nunua zile zinazouzwa kwa chakula, kamwe si za kupanda kutoka duka la dawa za kilimo. Mbegu za kupanda mara nyingi hupakwa sumu ya kuua wadudu na kuvu, ndiyo maana huwa na rangi nyekundu au kijani, na sumu hiyo haitoki kwa kuosha. Chagua, toa zilizopasuka na zilizotobolewa, kisha osha mara kadhaa ukiondoa makapi yanayoelea.

Wengi hudhani dawa ya klorini ya maji ya kunywa itamaliza kazi. Itasafisha maji ya kuloweka, na hilo ni jambo kubwa kwa anayechota ziwani au kisimani karibu na choo cha shimo. Mbegu yenyewe haitaisafisha. Dawa hiyo huweka miligramu chache tu za klorini katika lita. Wakuzaji wa machipukizi nchini Marekani walishauriwa mwaka 1999 kutumia miligramu 20,000 kwa lita, na hata hapo viini vingine husalia. Kipimo hicho si cha kujaribiwa jikoni.

Mwenye kipimajoto anaweza kutumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka kwa mwuza dawa: aipashe moto hadi nyuzi 60 za Selsiasi, atie mbegu kwa dakika 5, kisha azisuuze vizuri kwa maji safi. Hupunguza viini, haimalizi. Kinga ya hakika ni moto. Chemsha machipukizi au yakaange hadi yaive kote, hasa yakiliwa na watoto, wazee, wajawazito na wenye virusi vya Ukimwi, ambao salmonela huweza kuwaingia damuni.

Kimea cha wimbi au mtama nacho ni mbegu iliyochipua, na kukausha na kusaga hakuui viini vyote. Akina mama hutia unga wake katika uji mzito uliokwisha kuiva ili ulainike mtoto aweze kula kingi. Ni mbinu nzuri, ila kimea hicho hakijapikwa. Uji ukishalainika, urudishwe motoni uchemke tena, kisha mtoto apewe mara tu unapopoa kiasi, wala usiwekwe hadi jioni.