Mdogo wangu wa Munje, anza na maji

Barua yako nimeisoma kwa makini, mdogo wangu. Mko tisa nyumbani: wewe na mumeo, watoto watano, mavyaa wako, na shemeji yako anayeingia baharini. Zamu yako ya chama imefika, pesa iko mkononi, na unachotaka ni mimi nikutajie mashine nzuri ya kufulia nguo. Nitakutajia. Ila kabla hujapanda matatu ya Ukunda, toka uani kwanza utazame maji yako yanatoka wapi na yanafikaje nyumbani, kwa sababu hilo ndilo litakaloamua mashine gani itakufaa. Tangazo la dukani haliwezi kukuamulia.

Najua pia yuko mtu pembeni anayekwambia kwamba mashine ni anasa ya watu wa mahoteli ya Diani. Usimsikilize. Kufua hakujawahi kuwa jambo dogo kwetu Kwale. Waulize bibi zako walifulia wapi: mabwawani na mitoni, na watoto nyuma yao wakicheza majini. Huko ndiko kichocho kilikowapata. Konokono wa majini huachia vijidudu vidogo visivyoonekana, na vijidudu hivyo hupenya ngozi ya yeyote aliyesimama majini, awe anafua, anaoga au anaogelea. Msambweni imefanyiwa utafiti wa kichocho kwa miongo mingi, na vijiji vya jirani zako kama Milalani na Nganja vimo katika utafiti huo. Pampu za mkono zilipowekwa katika vijiji vyetu miaka ya 1980, wakati ile pampu ya Afridev ilipokuwa ikijaribiwa na kuboreshwa hapa hapa Kwale, mama wengi waliacha kwenda bwawani. Maji yakawa salama zaidi, lakini mgongo ulibaki na mzigo ule ule: kupampu, kubeba, kuinama, kukamua. Kwa hiyo unapotaka kuupunguzia mgongo wako kazi, dada yako niko upande wako kabisa.

Tuje kwa maji yako. Munje imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na bahari iko pale pale. Visima vingi vya mwambao huu vina maji ya chokaa, na kadiri kisima kinavyokaribia ufuo ndivyo chumvi inavyozidi, hasa wakati wa kiangazi watu wanapovuta maji mengi na mvua hairudishi kitu ardhini. Mikono yako inalijua hilo. Unasugua sabuni ya kipande na povu haliji, na leso ikikauka inabaki na utando mweupe. Ni chokaa inayoshikana na sabuni. Poda inavumilia maji ya aina hiyo kuliko kipande, kwa hiyo mashine yoyote utakayonunua, itilie poda.

Sasa jiulize: maji yanaingia nyumbani kwa mfereji wenye nguvu, au yanaingia kwa mtungi wa lita 20 kichwani? Kama kuna tangi, limeinuliwa kiasi gani? Kila mita 1 ya kimo huleta presha ya takriban baa 0.1 tu. Mashine nyingi za kujiendesha zenyewe, ukifungua vijitabu vyake, zinataka angalau baa 0.3, na nyingine 0.5. Maana yake tangi liwe mita 3 hadi 5 juu ya pale paipu inapoingilia kwenye mashine. Tangi lililokaa juu ya matofali manne halifiki huko. Ukiiunga mashine ya mlango wa mbele kwenye maji ya namna hiyo, itasubiri maji, itachoka, itawasha taa ya hitilafu, na wewe utaita fundi bure.

Mashine ya mlango wa mbele ni nzuri, simkatazi mtu. Inafua kwa upole, inakamua sana, na inatumia maji machache. Lakini inataka mfereji usiokatika na stima isiyocheza, na stima ikikatika katikati, mlango unabaki umefungwa na sare za shule zimo ndani ya maji. Ile ya kujiendesha yenye mdomo juu unaweza kuijazia kwa ndoo, ila inasuuza kwa kumwaga na kujaza tena na tena, na kila kujaza ni safari nyingine ya pampu.

Kwa nyumba yako ninakuchagulia mashine ya mapipa mawili: pipa moja la kufulia, la pili la kukamulia. Watakaoiona wataiita ya kizamani. Waache. Unaijazia kwa mtungi au kwa paipu ya kawaida, haijali presha. Stima ikikatika unainua kifuniko, unatoa nguo zako unamalizia kwa mkono. Haina kifaa cha kuchemshia maji kinachogandwa na chokaa. Mwili wake kwa kawaida ni wa plastiki, na wewe unaishi penye upepo wa chumvi ambapo bati linaliwa na kutu huku unalitazama. Na fundi wa Ukunda anaweza kuifungua, kwa sababu ndani yake mna mota mbili, mkanda, na saa za kuzungusha kwa mkono, basi. Bei yake mara nyingi ni nusu ya ile ya mlango wa mbele, au chini ya hapo.

Faida kubwa zaidi ni kwamba maji yale yale unaweza kuyafulia zaidi ya mara moja. Anza na nyeupe: kanzu, shati za shule, hijabu nyeupe. Zitoe, uingize leso na madera. Mwisho kabisa uingize nguo za shemeji za baharini, baada ya kuzikung'uta mchanga nje na kuzichovya kwenye maji ili chumvi itoke. Pipa la kufulia la mashine ya kilo 7 au 8 huchukua mitungi miwili ya maji au kuzidi kidogo. Kusuuza fanyia kwenye beseni kubwa, kisha nguo ziende pipa la kukamulia. Mashine ya mlango wa mbele haikuruhusu kutumia maji hivyo, na kwa mtu anayebeba maji, hesabu hiyo ni kubwa kuliko hesabu ya bei.

Kuhusu ukubwa, zile kilo zilizoandikwa ni za nguo kavu, nayo pipa la kukamulia huwa dogo kuliko la kufulia. Muuzaji atakutajia namba kubwa; wewe muulize zote mbili. Kwa watu tisa usishuke chini ya kilo 8, na ukiweza kufika 10 au 12 utaweza hata kufua blanketi. Usilijaze pipa hadi juu. Nguo zisipopata nafasi ya kugeuka zinasuguana pale pale na uchafu unabaki.

Usidanganywe na maneno ya maji moto. Maji ya pwani yetu yanatoka na uvuguvugu wake tayari, na poda za siku hizi zinafanya kazi kwenye maji hayo. Mzunguko mmoja wa nyuzi 60 kwenye mashine yenye kichemshio unakaribia kula uniti 1 ya stima. Mota ya mapipa mawili, tuseme ya wati 400, ukiifanyisha kazi saa moja na nusu siku ya kufua, inakula uniti 0.6. Ukifua mara mbili kwa wiki, ni kama uniti 5 kwa mwezi. Nakupigia hesabu hii kwa sababu tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa ya stima ni ya nyumba isiyozidi uniti 30 kwa mwezi; kabla ya hapo kikomo kilikuwa 100. Kama nyumba yako iko kwenye 27 au 28, angalia, mashine inaweza kukuvusha upande wa bei ya juu, na tokeni za shilingi zile zile zikakupa uniti chache kuliko ulizozoea.

Na hapa naomba unisikilize kuliko popote pengine. Umeme na sakafu yenye maji ni hatari ya mauti. Kabla mashine haijaingia nyumbani, mwite fundi wa stima apime kama nyumba ina waya wa ardhini unaofanya kazi kweli, kwani nyumba nyingi zina soketi ya matundu matatu na nyuma yake hamna kitu. Mashine ichomekwe moja kwa moja ukutani, siyo kwenye kebo ya kuungaunga inayotambaa chini. Soketi iwe juu, mbali na maji yanayoruka. Uvae ndara, mikono iwe mikavu unapochomeka na kuchomoa. Ukihisi mwili wa mashine unakupiga hata kidogo, kama mtekenyo tu, zima stima ukutani na usiiguse tena hadi fundi aje. Halafu yale mapipa yana watoto wa kuyachungulia. Kifuniko cha pipa la kukamulia kikifunguliwa, pipa lazima lisimame lenyewe baada ya sekunde chache. Lijaribu dukani mbele ya muuzaji, na siku breki hiyo ikilegea usikamue tena hadi itengenezwe.

Mahali pa kuiweka: kivulini, pasipopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja, juu ya mbao au matofali, na ukimaliza uipanguse kwa kitambaa chenye maji matamu, uifunike. Mashine hizi nyingi zinatoa maji kwa mteremko tu, hazina pampu ya kuyasukuma, kwa hiyo paipu ya kutolea iwe chini kuliko pipa. Maji machafu yaelekeze mbali na kisima. Mwamba wetu una vitundu, unanyonya maji haraka, na sabuni unayoimwaga karibu na kisima utaivuta tena kesho.

Masika yakija, weka mfereji wa paa. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mabati la mita 40 za mraba, ikinyesha milimita 20 tu, linakupa lita 800 za maji matamu yasiyo na chokaa, na poda utakayotumia itapungua sana. Kama paa lako ni la makuti, maji yake yana rangi ya kahawia. Fulia za rangi, nyeupe usizitie. Miezi hiyo hiyo ndiyo utakapoona thamani ya pipa la kukamulia, wakati nguo zilizokamuliwa kwa mkono zinashinda kambani siku mbili na kuanza kunuka, nazo za mashine zinakauka hata chini ya baraza.

Mashine haitoi doa la bibo. Haitoi doa la dafu wala utomvu wa ndizi. Ukosi wa kanzu utaupaka sabuni na kuusugua kwa mkono kabla haujaingia. Leso mpya ifuliwe peke yake hadi iache kutoa rangi. Buibui ligeuzwe ndani nje. Pini za hijabu zote zitolewe, kwani moja ikipita chini ya pipa itatafuna kila kitu. Na chandarua chenye dawa kisiingie mashineni hata siku moja. Kifue kwa mkono, kwa sabuni ya kipande, taratibu, ukianike kivulini, kwa sababu poda kali na jua vinaimaliza ile dawa inayoua mbu. Maji yake usiyamwage mtoni wala baharini, dawa hiyo inaua samaki.

Umeniuliza pia kuhusu yule mama anayekuja kukufulia, kama umwache. Usimwache, mdogo wangu. Ana watoto wake, na pesa ile ndiyo ada na unga. Mfundishe mashine, umlipe vile vile kwa siku, na kazi itakayopungua mgongoni mwake iwe nafuu kwake kama ilivyo kwako. Wavulana wako wakubwa nao wafundishwe. Mtoto anayeweza kuendesha bodaboda ya mjomba wake kwa siri anaweza kuzungusha saa ya mashine.

Mashine kuukuu za nyumba za Diani, wenyewe wanapohama, nyingine ni nzima na nyingine ni mzigo. Zungusha pipa kwa mkono usikilize: likinguruma kama lina mchanga, achana nalo. Kuhusu kulipa polepole, jumlisha malipo yote hadi ya mwisho, ulinganishe na bei ya taslimu. Wewe una pesa ya chama, lipa taslimu.

Dukani uliza waranti inatengenezewa wapi. Kama jibu ni Mombasa, basi kila hitilafu ni gari, na kuvuka Likoni au kuzunguka Dongo Kundu, na kusubiri. Jua hivyo kabla hujalipa. Uliza kama mkanda na saa za kuzungusha vinauzwa Ukunda. Omba mashine ichomekwe hapo hapo, mapipa yote mawili yazunguke, na risiti iandikwe jina la mashine na namba yake. Ikifika Munje, tia maji uiendeshe tupu dakika tano ukichungulia chini kama inavuja, na yule aliyeileta asiondoke hadi umalize, kwa sababu kilichovunjika njiani waranti nyingi hazikigusi.