SOMO: RAMBIRAMBI SI FIDIA



Mji wetu wa Babati umekaa penye njia panda. Barabara ya Arusha, ya Singida na ya Dodoma zakutana hapa, na tangu lami ya kwenda Dodoma ilipofunguliwa mwaka 2018 magari yapita mchana na usiku. Twaishukuru barabara, maana imeleta biashara. Lakini pia wengi wetu tumekwenda kuzika watu waliogongwa na lori, basi au pikipiki, na wengine waliofia kazini kwa sababu ya uzembe wa mtu mwingine.

Katika misiba ya namna hiyo jambo moja hutokea mara nyingi. Mwenye gari huja matangani na watu wake wenye heshima. Hutoa sanduku, unga, ng'ombe mmoja na fedha kidogo. Kisha hutolewa karatasi, na mjane ambaye hajala siku mbili huambiwa atie kidole. Wazee husema, "Mambo yamekwisha." Je, kweli yamekwisha? Hilo ndilo somo letu.

1. Tofauti ya rambirambi na fidia

Rambirambi ni mkono wa pole. Hutolewa kwa hiari, na kila mtu aweza kuitoa, hata asiye na kosa. Fidia ni deni. Mtu aliyesababisha kifo kwa uzembe wake anadaiwa na wale waliokuwa wakiishi kwa jasho la marehemu.

Jambo hili si geni. Katika Kutoka sura ya 21 tunasoma habari za ng'ombe mwenye tabia ya kupiga watu kwa pembe. Mwenyewe ameonywa, naye hakumzuia. Ng'ombe akiua mtu, mwenyewe hawezi kujitetea kwamba ni mnyama tu. Lori lenye breki mbovu ambalo tajiri ameambiwa na dereva wake habari zake ni ng'ombe wa namna hiyo hiyo. Mila zetu nazo zilijua deni la damu. Jirani zetu Wamaasai wanajulikana kwa kuhesabu ng'ombe 49. Tofauti ni kwamba malipo ya mila yalikuwa kati ya ukoo na ukoo, lakini sheria ya nchi humtazama mjane, yatima na mzazi.

2. Kesi ni mbili, wala si moja

Watu wengi husema, "Dereva amekwisha kushtakiwa, tungoje fidia." Hapo pana kosa la kufikiri. Kesi ya kwanza ni ya jinai, ambayo Jamhuri humshtaki dereva. Akitozwa faini, fedha hizo huingia Serikalini, hazimfikii mjane. Kesi ya pili ni ya madai, nayo haijifungui yenyewe. Lazima wafiwa waifungue.

Hata hivyo ya kwanza huisaidia ya pili. Kwa Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai ikiwa ya mwisho ni uthibitisho kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa hilo. Basi ombeni nakala ya hukumu, muitunze vizuri.

3. Nani mwenye haki ya kudai?

Sheria inayohusika ni Sura ya 310 ya sheria za Tanzania, iliyotungwa mwaka 1955 na inayotumika hadi leo. Inahusu madai ya vifo vilivyosababishwa na kosa la mtu mwingine. Wenye haki hiyo ni watu wa familia waliomtegemea marehemu, kama vile mke au mume, watoto na wazazi.

Hapa tuwe waangalifu. Fidia ya wategemezi si mali aliyoiacha marehemu. Si shamba wala ng'ombe wa kugawanywa na ukoo. Ni badala ya mkate ambao kila mtegemezi alikuwa akiupata, na mahakama huweza kumtajia kila mmoja fungu lake. Shemeji aliyesimama mbele ya wote msibani hawezi kuichukua kwa sababu tu yeye ni mkubwa wa ukoo. Tena madai ni shauri moja kwa ajili ya wote. Kwa hiyo wategemezi wote watajwe tangu mwanzo, hata mama mzee aliyeko kijijini na mtoto aliyezaliwa nje ya nyumba.

Kwa kawaida anayesimamia madai ni msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo hupendekeza jina, lakini mahakama ndiyo inayomteua. Msimamizi ni mtumishi wa warithi na wategemezi, naye hutoa hesabu. Hakuna sheria inayomzuia mjane kuteuliwa.

4. Fidia huhesabiwaje?

Tufanye hesabu kidogo, kama tulivyokuwa tukifanya ubaoni. Tuseme fundi mwashi alipata shilingi 300,000 kwa mwezi. Yeye mwenyewe alitumia 100,000, na 200,000 zikaenda nyumbani. Kwa mwaka familia ilipata 200,000 mara 12, yaani 2,400,000. Kisha mahakama hutafuta idadi ya miaka ya kuzidisha. Miaka hiyo huwa michache kuliko ile ambayo angeendelea kufanya kazi, kwa sababu fedha hulipwa kwa mkupuo mmoja na maisha ya mwanadamu hayana hakika. Mahakama ikichagua miaka 10, jibu ni shilingi 24,000,000.

Huu ni mfano tu. Lakini ulinganishe na ng'ombe mmoja na gunia la unga, utaona kwa nini karatasi ile ya matangani ina haraka.

Kama marehemu naye alichangia ajali, tuseme alivuka barabara bila kutazama, haki haifutiki, bali fidia hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake. Tusikubali kuambiwa, "Naye alikosa, basi hakuna kitu."

5. Bima, Serikali na kazini

Kila gari na pikipiki barabarani lazima iwe na bima ya kuwalinda watu wengine. Kwa hiyo mwenye gari akisema hana fedha, tusiondoke na jibu hilo. Tuulize kampuni ya bima. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, ina mfumo wa kuhakiki bima kwa namba ya chombo. Andikeni namba hiyo siku ile ile ya ajali. Kampuni ya bima nayo ipewe taarifa mapema, wala isisubiri kusikia habari mwisho wa kesi.

Kama gari ni la Serikali, sheria yataka itolewe kwanza notisi ya siku 90, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu.

Aliyefia kazini ana njia nyingine. Mkoa wetu hautasahau tarehe 28 Machi 2008, mvua ilipojaza mashimo ya tanzanaiti huko Mererani na makumi ya wachimbaji wakafa. Wachimbaji wengi wa huko walifanya kazi bila mkataba wala mshahara, wakingojea mgawo jiwe likipatikana. Mwaka huo huo Bunge lilitunga Sheria mpya ya Fidia kwa Wafanyakazi, na Mfuko wake, WCF, ulianza kazi mwaka 2015. Michango hulipwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazi, wategemezi hupata msaada wa mazishi na pensheni, wala hawana haja ya kuthibitisha uzembe wa mtu. Lakini taarifa itolewe kabla ya miezi 12 kupita, na lazima ionekane kwamba marehemu aliajiriwa. Kwa hiyo vijana wetu waombe mikataba wangali hai.

6. Karatasi za kutunza

(a) Cheti cha kifo kutoka RITA. Kifo kiandikishwe ndani ya siku 30.
(b) Taarifa ya daktari ya uchunguzi wa maiti.
(c) Taarifa ya polisi ya ajali (PF 90), mchoro wa ajali, na taarifa ya ukaguzi wa gari.
(d) Nakala ya hukumu ya kesi ya jinai.
(e) Hati ya usimamizi wa mirathi.
(f) Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto. Ndoa iliyofungwa kanisani imo katika daftari la parishi.
(g) Ushahidi wa kipato: hati ya mshahara, daftari la biashara, au majirani wanaojua.
(h) Stakabadhi za mazishi.

Madai ya madhara huwa na ukomo wa miaka 3, lakini msiache hata mwaka mmoja upite. Mashahidi huhama, na tajiri huuza gari.

Asiye na fedha za wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, nao hawatozi malipo. Mahakama Kuu nayo sasa ina masjala yake hapa Babati. Zamani ilitubidi kwenda Arusha. Na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama. Mjane aweza kufuata kesi yake kwa masikio yake mwenyewe.

7. Mfano kutoka Tarime

Tarehe 16 Mei 2011 watu kadhaa waliuawa kwa risasi katika mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mwaka 2013 baadhi ya wafiwa na majeruhi walifungua madai huko London dhidi ya kampuni ya African Barrick Gold na kampuni yake tanzu. Kampuni ilikana kuwa na hatia, lakini mwaka 2015 madai yalimalizwa kwa mapatano nje ya mahakama. Katika miaka hiyo hiyo mashirika ya haki za binadamu yalilalamika kwamba waathirika wengine, ili wapate msaada wa mgodi, walitakiwa kutia sahihi hati za kuacha kushtaki.

Mnaona? Wanakijiji walifika mpaka London, na pale napo jambo lilikuwa lile lile: karatasi gani imetiwa sahihi, na aliyetia alielewa nini.

Basi, ndugu zangu, mkono wa pole tuupokee kwa shukrani. Tusimfukuze mtu aliyekuja kuomboleza nasi. Lakini kama pana karatasi, iandikwe wazi kwamba ni msaada wa mazishi tu. Ikisema ni malipo ya mwisho, isitiwe sahihi wala kidole mpaka mtu anayejua sheria ameisoma. Mapatano si dhambi, ila yafanywe baada ya machozi kukauka, hesabu ikiwa mezani, na mjane akiwa ameketi kwenye kiti, wala si kusikiliza nyuma ya mlango.

Maswali ya kujadiliana katika mitaa na Umoja wa Akina Mama

1. Katika mtaa wenu, nani huketi na mjane siku ya kwanza, ili asisukumwe kutia kidole?
2. Fedha ya fidia ikifika, tutahakikishaje kwamba ada ya shule ya watoto inalipwa?
3. Je, wewe unayemiliki pikipiki, bima yako iko hai leo?