Nani Atalipa Matunzo ya Wazee?

Twasikia wengi wakisema kwamba huko Marekani serikali humlipia kila mzee. Sivyo. Medicare, bima iliyowekwa na sheria ya mwaka 1965, hulipia nyumba ya uuguzi siku zisizozidi 100 kwa kipindi kimoja cha ugonjwa, wala hailipii matunzo ya kuogeshwa na kulishwa tu. Yabaki Medicaid, msaada wa maskini. Basi mzee hutumia kwanza akiba yake hata isizidi, katika majimbo mengi, dola 2,000. Twaona ni jambo gumu kwa mtu aliyejinyima maisha yake yote. Zawadi alizowapa watoto katika miaka 5 iliyotangulia huchunguzwa, na msaada waweza kucheleweshwa. Akifa, jimbo hudai gharama katika mirathi yake, ila halidai maadamu mjane wake yu hai. Enyi wenye wazazi huko, ulizeni kabla ya kuandikisha nyumba kwa jina la mtoto.