Vyombo vya Zamani Nyumbani, na Mikono ya Nani?

Masomo: Kutoka 11:5, Kumbukumbu la Torati 5:12-15 na 24:6, Luka 17:35

Katika nyumba nyingi za Wakristo wetu siku hizi vitu vya miaka mbalimbali vinakaa pamoja chini ya paa moja. Simu ya mkononi inachajiwa juu ya meza, na chini ya meza ile ile imo pasi ya mkaa ya marehemu bibi, yenye jogoo mdogo wa chuma anayefunga kifuniko. Cherehani ya miguu iko chumbani, stovu ya mafuta ya taa iko jikoni karibu na jiko la mkaa, na taa ya chemni inangoja umeme ukatike. Wengine huviona vitu hivi kuwa aibu na kuvificha wageni wanapokuja. Wengine huvisifu mno, wakisema kwamba watu wa kale waliishi vizuri kuliko sisi. Katika somo hili hatutaki kuvidharau wala kuviimbia sifa. Tunataka kuuliza swali moja tu: chombo hiki kinafanya kazi kwa nguvu za nani?

Biblia inavifahamu sana vyombo vya nyumbani. Chombo kikubwa cha nyumba ya Mwisraeli kilikuwa mawe mawili ya kusagia. Bila mawe hayo hapakuwa na unga, na bila unga hapakuwa na mkate wa siku hiyo. Kwa hiyo katika Kumbukumbu la Torati 24:6 sheria inamkataza mdai kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, hata lile la juu peke yake, kwa kuwa atakuwa ametwaa uhai wa watu. Hapo twaona jinsi Mungu anavyokiheshimu chombo cha maskini. Lakini tusome na Kutoka 11:5. Musa anapotangaza pigo la mwisho juu ya Misri, anataja mtu wa juu kabisa na mtu wa chini kabisa. Wa juu ni Farao katika kiti chake. Wa chini ni nani? Ni mjakazi aliye nyuma ya mawe ya kusagia. Wasikilizaji wa Musa hawakuhitaji kuelezwa zaidi, maana walijua ni mtu wa namna gani aliyekalishwa mahali pale.

Luka 17:35 inatuonyesha jambo jingine: wanawake wawili wanasaga pamoja. Akina mama waliowahi kutwanga katika kinu kimoja kwa michi miwili wataelewa mara moja. Kazi ni ile ile, na chombo ni kile kile, lakini hakuna aliyeachwa nacho peke yake.

Sasa tuangalie mfano wa nchi nyingine, kwa sababu watu wa huko walijaribu kwa makusudi jambo ambalo wengi wetu twaliishi kwa lazima. Mwaka 1999 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha mfululizo wa vipindi uitwao The 1900 House. Nyumba moja huko Charlton, kusini-mashariki ya London, ilirudishwa katika hali ya mwaka 1900: taa za gesi, jiko la makaa ya mawe, hakuna friji wala mashine ya kufulia. Jamaa moja ya siku zetu, baba, mama na watoto, ikakaa humo miezi 3. Kufua nguo kulikula siku nzima, maji ya moto yalitegemea moto wa jikoni, na mzigo mkubwa ulimwangukia mama. Hatimaye wakafanya kama walivyofanya watu wengi wa tabaka la kati katika mwaka ule wa 1900: wakamwajiri mwanamke wa kazi. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya nyumba za namna ile. Watu hukumbuka sakafu zilizong'aa na shuka zilizonyooka, wakamsahau aliyeamka alfajiri kuwasha moto.

Tusiharakishe kusema kwamba basi mashine mpya huondoa shida. Mwanahistoria wa Marekani, Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu chake More Work for Mother cha mwaka 1983, alieleza kwamba mashine zilipoingia nyumbani kazi nzito ilipungua kweli, lakini saa za kazi za mama hazikupungua kama ilivyotazamiwa. Nguo zilianza kubadilishwa na kufuliwa mara nyingi zaidi. Baba na watoto, ambao zamani walipasua kuni na kubeba maji, wakajiona wamemaliza zamu yao. Stovu mpya ilimwondolea baba kazi ya kuleta kuni. Haikumwondolea mama kazi ya kupika.

Turudi nyumbani kwetu, tuanze na pasi ya mkaa. Ni nzito, na uzito huo ndio unaonyoosha nguo. Mkaa huwashwa nje, hungojwa mpaka moshi uishe, pasi hupungwa huku na huku ili hewa ipite katika matundu ya ubavuni, kisha hupanguswa juu ya jani la mgomba. Chembe moja ya moto ikiruka, kanzu nyeupe ya kwaya imepata tundu. (Wanakwaya wajiulize wenyewe ni nani anayezinyoosha kanzu zile Jumamosi jioni.) Tena tuonye: pasi hii, au jiko lolote la mkaa, lisiachwe likiwaka katika chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala huweza kufa bila kujua.

Cherehani ni habari nyingine kabisa, nayo twaizungumza kwa furaha. Mmarekani Isaac Singer alipata hati ya uvumbuzi wa mashine yake mwaka 1851. Kiwanda kikubwa cha kampuni yake huko Clydebank, Scotland, kilifungwa mwaka 1980, lakini mashine zilizotoka humo zingali zinashona. Ukiitia mafuta, ukabadili sindano na mkanda, itapinda kanga na kushona sare za shule bila kuuliza kama umeme upo. Chombo hiki humfundisha mtu ufundi na kumpa fedha yake mwenyewe mkononi. Hatuoni sababu ya kukiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na kwa mjane anayeishi kwa cherehani, Kumbukumbu la Torati 24:6 inamhusu waziwazi. Wanaokopeshana fedha katika vikundi vyetu wausome mstari huo kabla ya kwenda kubeba mashine ya mtu aliyeshindwa kulipa.

Jiko la mkaa limepata maendeleo yake. Mapema katika miaka ya 1980, huko Kenya, lilianza kutengenezwa jiko la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani, ili joto lisipotee ubavuni na mkaa utumike kidogo. Huo ulikuwa msaada mkubwa. Hata hivyo, moshi bado upo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kuni, mkaa, mafuta ya taa na vitu vya namna hiyo. Mwenye uwezo wa kununua mtungi wa gesi, akakataa kwa kuwa maharage ya moto wa kuni ni matamu zaidi, na aulize jikoni ni nani anayekohoa.

Mara nyingi anayekohoa ni binti wa kazi. Hapa yatupasa kusema bila kuficha. Ziko nyumba zenye televisheni kubwa sebuleni, lakini jikoni na uani hakuna chombo kipya hata kimoja. Sababu yake si umaskini. Ni kwamba mikono ya binti yule imeonekana kuwa rahisi kuliko mashine, basi hakuna anayeona haja ya kununua. Lakini amri ya Sabato, katika Kumbukumbu la Torati 5:14, haiwapi pumziko baba na mama peke yao. Inawataja mtumishi wa kiume na wa kike, ili nao wapumzike kama bwana wao. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apate saa 24 mfululizo za mapumziko kila juma. Kanisa lilikuwa na agizo hilo siku nyingi. Jumapili asubuhi, jamaa ikitoka kwenda ibadani na nguo zilizonyooka, yeye hubaki nyumbani na majivu ya pasi.

Kwa mazungumzo katika vikundi: Kila nyumba itaje chombo chake cha zamani kinachotumika bado, na jina la anayekitumia. Akina baba wasijibu kwa niaba ya wake zao. Huyo anayekitumia huamka saa ngapi, na hulala saa ngapi? Ni chombo gani kingefaa kutengenezwa, na kipi kingefaa kupumzishwa? Wavulana wa nyumba hiyo wanajua kushika pasi? Na binti wa kazi, je, ameketi pamoja nanyi katika mazungumzo haya? Kikundi kinachopenda kuleta majibu yake kimpe katekista kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi.