Haya ni imani, woga wa watu una tiba



Ndugu msomaji, katika safu ya afya na usafi tumezoea kuzungumzia maji ya kunywa, vyoo, malaria na chanjo. Leo tuzungumzie tatizo ambalo halionekani kwenye darubini, lakini linawachelewesha baadhi ya vijana wetu kuoa na kuolewa, na wengine linawasukuma kwenye pombe. Tatizo hilo ni woga wa kukaa mbele za watu, hasa pale mtu anapotafuta mwenza.

Chukua mfano wa nahodha wa mashua katika delta ya Rufiji. Akitoka Nyamisati kuelekea vijijini, yeye ndiye anayewapanga abiria, anamkemea anayesimama ovyo, anajua wapi pana fungu la mchanga na saa ngapi maji yatakupwa. Hakuna anayebishana naye. Mtu huyo huyo akiambiwa akaonane na binti wa watu pale Kibiti, mbele ya baba wa binti, koo linakauka, mikono inatetemeka na salamu anaiitikia kwa kichwa. Au chukua mfano wa mwalimu wa kike anayelimudu darasa lililojaa watoto, na kwenye kikao cha wazazi husema bila kuogopa. Ukija ujumbe wa posa nyumbani kwao anajifungia chumbani, na jibu linatolewa na wengine.

Hapo ndipo maneno huanza. Huyu anaambiwa ana maringo, yule anaambiwa hana nguvu za kiume, mwingine anapelekwa kwa mganga kwamba ana jini mahaba. Miaka inapita, na mwenye tatizo anaona aibu hata kulitaja.

Haya si woga

Kwanza tuondoe utata. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa haya ni katika imani. Kwa hiyo kijana anayeinamisha macho, asiyetaka kukaa faragha na mwanamke asiye halali yake, huyo si mgonjwa. Hiyo ndiyo tabia tunayoitaka.

Haya humzuia mtu na jambo baya. Woga tunaouzungumzia humzuia mtu na jambo la halali analolitaka na kulihitaji. Qur'an katika Surat al-Qasas (28:25-26) inatusimulia habari za binti wa Madyan aliyemwendea Nabii Musa (a.s.). Alikwenda kwa haya, na hayo yametajwa wazi. Lakini ujumbe wa baba yake aliufikisha wote bila kukatisha, kisha mmoja wa mabinti wale akamshauri baba yake amwajiri Musa, akataja na sababu. Haya ilikuwepo, na maneno yakasemwa.

Aidha, mama wa waumini Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao.

Hata mashujaa walinyamaza

Ndugu yangu mwenye tatizo hili, usijione duni. Al-Bayhaqi amepokea kisa cha Ali bin Abi Talib (r.a.) alipokwenda kumposa Fatima (r.a.). Ali ni yule aliyetoka kupambana mtu kwa mtu katika vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria. Lakini alipokaa mbele ya Mtume (s.a.w.), ulimi ulikwama kwa heshima na haiba. Aliulizwa kilichomleta, akanyamaza. Ndipo Mtume (s.a.w.) akamrahisishia kwa kumuuliza kama amekuja kumposa Fatima, naye akaitikia. Ngao au deraya yake ya vita ndiyo iliyotolewa kuwa mahari.

Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, ushujaa wa uwanja mmoja hauhamii wenyewe kwenye uwanja mwingine. La pili ni la wazazi: Ali hakuchekwa wala hakuachwa ahangaike, alisaidiwa kutamka.

Kwa nini kazini hodari, kwenye posa bubu?

Sababu zipo, na zinaeleweka. Kazini mtu ana nafasi inayojulikana. Muuguzi anajua ataanza na swali gani na atamaliza na lipi. Jambo lenyewe amelifanya mara elfu, na akikosea huhukumiwa kazi, si yeye. Kwenye uchumba hakuna utaratibu aliouzoea. Jambo hilo hulifanya mara chache sana maishani, na anahisi kinachopimwa ni nafsi yake: sura yake, ukoo wake, kipato chake.

Kwetu yapo na mazingira. Kijana aliyekulia kwenye dungu akilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, au aliyeshinda mikokoni na baharini, hakuzoea kukaa na watu wageni. Binti aliyewekwa ndani kama mwali, akafundishwa kuwa mtoto mwema hasemi mbele ya watu, hawezi kugeuka siku moja akawa msemaji. Mafunzo ya adabu ni mazuri, lakini yanahitaji kukamilishwa na mafunzo ya kusema kwa adabu.

Mwilini kunatokea nini?

Mtu akihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini kwenye damu. Moyo huenda mbio, jasho hutoka, mdomo hukauka, tumbo huvurugika. Ni maandalizi yale yale ambayo Allah (s.w.) ametuumbia ili tukimbie mamba. Tatizo ni kwamba hapa hakuna mamba, kuna mzee na kikombe cha chai.

Mwaka 1995, David Clark na Adrian Wells wa Uingereza walieleza namna woga huu unavyojilisha wenyewe. Mtu huacha kumsikiliza anayezungumza naye, akaanza kujichunguza: natetemeka? Nimesema upuuzi? Wananiona? Kadiri anavyojichunguza, ndivyo anavyopoteza mwendo wa mazungumzo, na woga huzidi.

Jambo la kufariji ni kuwa watu hawatuoni kama tunavyodhani. Mwaka 1998 Thomas Gilovich na wenzake nchini Marekani waliwapa watu vinywaji, vingine vya ladha mbaya, wakawataka wafiche nyuso zao zisionyeshe. Wanywaji walidhani watazamaji wamewagundua, lakini watazamaji waliogundua walikuwa wachache kuliko walivyodhani. Hivyo moyo wako unaokwenda mbio kama ngoma unausikia wewe zaidi kuliko wenzako.

Lini ni maradhi?

Kuona haya siku ya posa ni kawaida. Inakuwa maradhi pale dalili zifuatazo zinapodumu kwa miezi 6 au zaidi:

1. Woga ni mkubwa kuliko jambo lenyewe, na hutokea karibu kila mara.
2. Mtu anakwepa shughuli, mialiko na vikao, au anavivumilia kwa mateso.
3. Anawaza jambo siku nyingi kabla, na kujilaumu siku nyingi baada yake.
4. Maisha yake yanaharibika: ndoa, masomo, urafiki, hata swala ya jamaa anaikwepa kwa kuogopa watu.

Madaktari wa Marekani waliyaweka maradhi haya katika kitabu chao rasmi cha maradhi ya akili mwaka 1980, na Shirika la Afya Duniani nalo linayatambua. Kwa kawaida huanza mapema. Takwimu za Marekani zinaonyesha robo tatu ya wagonjwa walianza wakiwa na umri wa miaka 8 hadi 15. Kwa hiyo mzazi, mtoto wa madrasa anayelia kila akiitwa kusoma mbele za wenzake usimpuuze.

Tahadhari: mapigo ya moyo, kutetemeka na jasho huweza pia kuletwa na ugonjwa wa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Mtu anayepungua mwili, asiyestahimili joto na ambaye moyo wake huenda mbio hata akiwa amelala, apimwe kwanza.

Kunyamaza kunagharimu

Wapo wanaotafuta ujasiri kwenye gongo na bangi. Mbali na uharamu wake, pombe hupunguza woga kwa saa chache, kisha kesho yake woga hurudi ukiwa mkali zaidi. Wengine hununua diazepamu kwenye duka la dawa bila ushauri. Dawa hiyo hugeuka kuwa uraibu.

Gharama nyingine ni kuingia kwenye ndoa bila kuuliza yanayopasa kuulizwa. Mfano ni selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na maradhi haya. Ikiwa mume na mke wote wawili wamebeba chembe moja ya selimundu bila kuumwa, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Kuna kipimo cha damu. Kuna na kipimo cha VVU. Lakini nani atamwambia mwenziwe twende tukapime, ikiwa hata jina lake anashindwa kulitamka? Waliosema mficha uchi hazai hawakukosea.

Gharama ya tatu ni ya ridhaa. Ni kweli sheria imezingatia haya ya bikira, ukimya wake ukahesabiwa kuwa idhini. Lakini ukimya wa binti anayelia au anayetetemeka kwa hofu si idhini. Mtume (s.a.w.) alimpa hiari binti aliyelalamika kuwa baba yake amemuozesha asipopenda. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka ridhaa ya hiari ya pande zote mbili. Familia inayojua binti yao ni mwoga inapaswa kumuuliza faraghani, kupitia mtu anayemwamini: somo yake, shangazi au bibi.

Tiba: panda ngazi polepole

Tiba kubwa ya woga huu ni kuuzoea, hatua kwa hatua. Kila unapokwepa, unapata nafuu ya leo na unaongeza woga wa kesho. Jipangie ngazi kama hii, na usipande ngazi ya juu kabla ya ile ya chini haijawa nyepesi:

1. Baada ya swala, msalimie mtu mmoja usiyemzoea, umuulize habari za nyumbani.
2. Kaa barazani dakika 15 na uchangie neno moja katika mazungumzo.
3. Uliza swali kwenye darsa au mkutano wa kijiji.
4. Watembelee wazee wa ukoo wako, ukazungumze nao juu ya nia yako ya kuoa.
5. Fanya mazoezi ya kikao cha posa na kaka, mjomba au rafiki mwenye siri.
6. Nenda kwenye kikao chenyewe, mbele ya maharimu wa binti, kwa dakika chache.

Kila hatua irudiwe mara nyingi. Unapokuwa kwenye mazungumzo, peleka sikio kwa mwenzako: anasema nini? Ukijikuta unajichunguza, rudi kwenye maneno yake. Andaa maswali matatu tu. Mfano: tutaishi visiwani au Kibiti mjini? Kazi au masomo yako utaendelea nayo? Tukapime afya lini? Na ukikwama, sema tu kwamba umeingiwa na haya, uvute pumzi, uendelee. Kukiri huko hupunguza mzigo, na wenyeji wengi hukuona mtu wa kweli.

Dada zetu nao wana nafasi yao. Bibi Khadija (r.a.), mfanyabiashara aliyetuma misafara hadi Sham, alimtuma Nafisa bint Munya kwenda kupeleleza mawazo ya Mtume (s.a.w.) kuhusu ndoa. Kumtumia mtu mwaminifu si udhaifu. Nasi tuna mshenga. Lakini mshenga abebe barua ya posa na mambo ya mahari, asijibu maswali yanayokuhusu wewe na huyo mwenza. Ukimwachia kila kitu, siku ya kwanza ya ndoa mtakuwa wageni wawili.

Usisahau dua. Nabii Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni alimwomba Mola wake amkunjulie kifua na amfungue fundo la ulimi (20:25-28). Kisha akaomba apewe ndugu yake Harun amsaidie. Aliomba dua, na akatafuta msaidizi.

Hospitali inasaidiaje?

Ikiwa ngazi zimekushinda, nenda zahanati au kituo cha afya ukaeleze waziwazi. Tabibu atakuchunguza na ikibidi atakupa rufaa hospitali yenye mtaalamu wa afya ya akili. Tiba ya mazungumzo inayobadili fikra na kumzoesha mtu anachokiogopa ina ushahidi mzuri. Utafiti wa Clark na wenzake wa mwaka 2003 uliikuta inashinda vidonge vya fluoksetini. Hata hivyo vidonge vya aina hiyo huwasaidia wengi, ila huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, na havinywewi wala kuachwa bila maelekezo. Mwenye pumu asitumie kabisa vidonge vya propranololi anavyopewa na rafiki ili kutuliza moyo. Na anayewaza kujidhuru apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri.

Neno kwa wazazi

Baba na mama, msimwite mtoto bubu mbele ya wageni. Msimlinganishe na nduguye aliyekwisha oa. Mpeni nafasi ya kusema nyumbani, hata kama ni kueleza tu samaki walivyouzwa leo. Na siku kijana wa watu akija kwenu akatetemeka mbele yenu, msiharakishe kumhukumu kuwa hafai. Muulizeni kwa upole, kama alivyoulizwa Ali.

Allah (s.w.) awape vijana wetu wenza wema na ndimi zenye kusema kweli. Aamin.